Utepe wa Uzi wa Bluu

Ilomba, Mbeya

Atupele, mwipwa wangu,

Darasa la nne, ambalo ndilo nililoishia, mwalimu alitufundisha barua inavyoanza: mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Nimeshika kalamu tangu asubuhi na sentensi hiyo imenishinda. Uliye mbali ni wewe, lakini hofu yote iko huku kwangu.

Naandikia mezani kwa mama yako. Yeye yuko shambani, anaandaa matuta ya maharage. Nimekalia kiti chako, kile chenye mguu uliofungwa waya. Nimechagua kuandika kwa sababu mdomo wangu unaujua. Nikianza kusema, nitapamba. Chui wa Chimala siku ya kwanza alikuwa kitu cha manjano kilichokatiza barabara mbele ya gari. Ulipofika darasa la saba alikuwa ameshapanda juu ya boneti, na mimi nimemshusha kwa spana namba ishirini na nne. Kwa kalamu naenda polepole, na uongo unachoka njiani.

Nikupe kwanza habari za huku. Petroli ni ya foleni, na Jumapili magari hayatembei. Treni ya reli mpya bado inapita, watoto wa Ilomba wameizoea, hawakimbii tena kuiangalia. Mama yako amekonda lakini anakula. Tulikuzika Tukuyu, pembeni ya baba yako, karibu na migomba, na watu walikuwa wengi. Nisingependa kusema elfu. Walikuwa wengi.

Siku ya kumaliza matanga walinisimamisha mimi mjomba nikuzungumzie. Nikasema huyu mtoto ndiye aliyeifundisha kompyuta ya Iringa kuhesabu mvua za milima yetu. Nyuma, kwenye mkeka wa wanaume, mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Ndiye yule aliyekosea mvua." Mama yako alisikia. Akainamisha kichwa. Na mimi, niliyekuwa nimesimama, mwenye koo la kusikika mpaka sokoni, nikakaa.

Ndiyo sababu ya barua hii.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Ofisini kwetu, ofisi ya mvua, walidhani mimi dereva nakuja kwenye chumba chako kuota moto. Ukaniambia kasha ni chombo cha kuwekea baiti ndani ya kompyuta, na baiti ukanionyesha kwa kidole: mstari mmoja wa matundu kwenye utepe wa karatasi, nafasi nane, palipotobolewa na pasipotobolewa. Kila kituo cha kupimia mvua kingekuwa na kasha lake, na mvua ya kila siku ingeingia humo kama baiti moja. Wewe ulikuwa umeandika ramani moja tu ya kasha, na kwa ramani hiyo kompyuta ingetengeneza makasha mengi inavyotaka.

"Kasha linazaliwa kwa njia tatu, Mjomba," ulisema. Linaweza kuzaliwa tupu. Linaweza kuzaliwa na vitu vyake ndani. Linaweza kuzaliwa kwa kunakili kasha lingine. Na kila kuzaliwa kulikuwa na jaribio lake, peke yake, kabla kasha halijapewa kazi yoyote.

Nikakuuliza, kama ni tupu, unajaribu nini? Ukacheka mpaka ukaegemea mashine ya kutobolea. "Najaribu kama kweli ni tupu. Nikiliuliza lina ngapi, liseme sifuri. Nikiomba cha kwanza, likatae, lisinitungie." Kisha ukaniangalia pembeni. "Kuna watu wakiwa hawana kitu wanatunga."

Nilicheka na mimi. Nilijua unamsema nani.

La kunakili ndilo lililonisumbua, na ukanieleza kwa sahani. Mama akipakua sahani ya pili iliyo sawa na ya kwanza, mimi nikila ya pili, ya kwanza isipungue. Ikipungua, ujue tunakula sahani moja, ile ya pili ni jina tu. Kwa hiyo jaribio lako lilikuwa hivi: tengeneza kasha, weka baiti, linakili, badilisha baiti kwenye nakala, halafu rudi uliangalie la kwanza kama limebaki lilivyokuwa. Nikasema hilo mbona liko wazi, nani atengeneze nakala isiyo nakala. Ukasema, "Jaribio ambalo halijafanyika halijapita, Mjomba. Hata kama kila mtu amechoka."

Programu yenyewe ilikuwa imeshatangulia Iringa kwenye kompyuta. Zilibaki tepe tatu za majaribio. Ulizikunja kila moja kwenye kopo lake la maziwa ya unga: uzi mwekundu kwa kasha tupu, uzi mweupe kwa kasha lenye vitu, uzi wa bluu kwa nakala. Ukayapanga makopo kwenye sanduku la mbao, ukaniambia nisiyafungue.

Sasa nakuandikia nilichofanya.

Niliondoka Mbeya asubuhi na mapema, nikapita Chimala, Igawa, Makambako. Karibu na Mafinga nikasimama kilabuni. Ulikuwa msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, na ulanzi wa pale unautambua kwa harufu ukiwa bado uko kwenye gari. Walikuwepo wapasua mbao watano au sita. Mmoja akaniuliza nimebeba nini, serikali imenipa sanduku zuri hivyo. Ningesema makopo, ingeisha. Nikasema nimebeba maneno ya kompyuta, na katika mkoa wa Mbeya tunaoyasoma kwa macho ni wawili, mimi na mwipwa wangu.

Wakasema soma.

Nikafungua kopo la uzi wa bluu. Mwanangu, nilisoma. Nilipitisha kidole kwenye matundu kama padri kwenye kitabu, nikawaambia hapa pameandikwa mvua ya Rungwe, hapa pameandikwa jina la Atupele, hapa kompyuta inaambiwa imsalimie Mjomba wake. Wakanishangilia. Yule aliyeniuliza akasema, "Mzee huyu ana kichwa," akaninunulia. Nikanywa. Nikanunua na wa kubeba, nao wakanijazia kwenye kopo la maziwa kama yale yale yako. Nikaliweka ndani ya sanduku kwa sababu ndimo lingesimama wima. Utepe wa bluu sikuukunja vizuri. Niliulaza juu ya makopo, nikijiambia nitaukunja nikifika.

Ulanzi mchanga hautulii. Unaendelea kuchacha hata ukiwa safarini, na barabara ikiutikisa, povu linatafuta njia. Mtu wa Iringa yeyote anajua usiufunge kifuniko. Mimi nilikigonga kwa ngumi kikae sawasawa. Kabla ya Ifunda nikasikia mlio kama tairi limepasuka. Nilisimama nikazunguka gari, matairi yote mazima. Kisha nikafungua sanduku.

Nyekundu na nyeupe zilikuwa salama kwenye makopo yake yaliyofungwa. Utepe wa bluu ulikuwa unaogelea. Nikauanika juu ya boneti, na boneti lilikuwa la moto, ukajishika kama ugali kwenye mwiko. Nilipouvuta ukakatika vipande vitatu, na matundu yakawa mipasuko. Nikafika darajani karibu na Iringa, nikasimama, nikavitupa vile vipande mtoni pamoja na kopo lake na lile la ulanzi. Sikukuta chui, sikukuta mafuriko wala jambazi. Ni mimi tu na kopo la ulanzi.

Bwana Sefu, fundi wa kompyuta, unamjua. Babu zake walitoka pwani na mdomo wake haujawahi kugusa pombe. Alinusa tu sanduku. "Gari lako limekunywa?" Nikamwambia ni radieta inavuja. Akaniuliza mbona makopo mawili. Nikasema Atupele ametuma mawili. Akayapitisha moja moja, mashine ikachapa SAWA, halafu SAWA, akanipa karatasi.

Ulikuwa unanisubiri mlangoni Mbeya. Uliisoma ile karatasi, ukaigeuza nyuma. "Na ya tatu?"

Nikakwambia karatasi iliishia kwenye mashine, ya tatu Sefu ameisoma kwa mdomo, ni sawa.

"Umeona wewe mwenyewe?"

"Nimeona kwa macho yangu haya mawili."

Simu ya Iringa ilikuwa haishiki wiki ile. Ulitaka kuituma tena, mkuu wa ofisi akakwambia mvua zimeshaanza, wakulima wa Usangu wanangoja ubao wao wa kutangaziwa mvua. Ukaniangalia mara nyingine. Kisha ukasema, "Basi, kama Mjomba ameona."

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, ila nayaandika ili mama yako ayasikie kwa mpangilio. Kompyuta ilitengeneza kasha la mvua ya Rungwe, ikalinakili ili kupata kasha la Iringa, kisha ikaweka mvua ya Iringa kwenye nakala. Sahani ilikuwa moja. Iringa ilikuwa kavu siku zile, na ukavu wake ukafuta mvua yote ya Rungwe. Ubao wa Usangu ukasema milimani hakuna mvua ya maana. Mzee Masanja, yule aliyehamia bondeni na ng'ombe wake kutoka kaskazini, aliusoma ubao, akaacha ndama wake kando ya mto na miche yake ya mpunga kwenye kitalu cha chini. Maji yakaja mchana, jua linawaka. Watu walipanda tuta, hakuna aliyekufa. Ndama tisa walikwenda na maji, na kitalu chote.

Siku ya kikao cha kutafuta mkosaji nilikuwa naosha gari chini ya dirisha. Nilisikia kila neno. Mkuu akakuuliza, "Ulijaribu nakala?" Ukasema ulijaribu. "Nani aliona majibu?"

Mimi nimeshika kitambaa, maji yananitiririka kwenye kiwiko, nasubiri jina langu. Ungelitaja, ningeingia, nakuapia. Au labda hapo napamba. Ukasema, "Majibu yalikuja." Basi. Akakwambia basi ulijaribu vibaya, akakutoa kwenye mashine, akakupeleka stoo kunakili madaftari ya mvua kwa mkono.

Nikamaliza kuosha gari. Nililiosha mara mbili.

Uliniuliza mara moja tu. Nilikuja stoo kukuletea chai, ukasema bila kuinua kichwa, "Mjomba, ile ya tatu, kweli ilikuwa na uzi wa bluu ilipofika?" Na mimi nikaanza kukusimulia chui. Mwanangu, nilikusimulia chui. Ulisikiliza mpaka mwisho. Ukasema, "Safari hii alikuwa na watoto wawili," ukaendelea kunakili.

Ulijua.

Mwezi wa sita baridi ikashuka, ukaanza kukohoa, ukalazwa. Daktari alisema kichomi kinaweza kumpata mtu yeyote, popote. Sikumwuliza zaidi. Stoo ile ina bati tupu juu na sakafu ya saruji, na wewe ulikaa humo kwa sababu yangu, lakini nilitaka neno la daktari libaki lilivyo. Jumanne ulikunywa uji. Jumatano mama yako alitoka wodini na kanga yako mkononi.

Wiki moja baada ya matanga aliniita, alikuwa anapanga vitu vyako. Chini ya kitanda alikuta kopo la maziwa. "Kaka, hili nadhani ni la kazini kwenu." Lilikuwa na uzi wa bluu. Uliutoboa upya utepe, sijui lini, labda mchana wenzako walipokwenda kula. Kwenye kifuniko ulikuwa umebandika kikaratasi kwa mwandiko wako ule wa kulala: *Ya tatu. Apeleke Mjomba.*

Mama yako akasema, "Alikuamini sana." Nikachukua kopo nikatoka nje kwa haraka, akadhani nalia kwa ajili yako tu.

Nilipeleka. Safari iliyofuata ya Iringa nilibeba lile kopo ndani ya shati, kwenye ngozi. Nilisimama mara moja tu, Igawa, kujisaidia, na kopo nikashuka nalo. Kilabu cha Mafinga nilikipita, na wale wapasua mbao wakanipungia, mmoja akanyoosha kidole kama anasoma. Bado wanaikumbuka ile hadithi.

Nikamwambia Sefu yote, nimesimama, kofia mkononi. Hakunitukana. Alilichukua kopo, akasema taratibu, "Radieta." Akakunjua utepe wako. "Radieta yako, mzee."

Akaupitisha. Mashine ikafikiri kidogo, kisha ikachapa: KASHA LA KWANZA LIMEBADILIKA. SI SAWA.

Atupele, nilisoma mwenyewe, neno kwa neno, na hapo hakuna nilichotunga. Jaribio lako lilikuwa zima. Kosa lilikuwepo kwenye ramani, ndiyo, na Sefu akanionyesha mahali nakala ilipoelekezwa kwenye nafasi ya kasha la kwanza badala ya kupewa nafasi yake. Akasema kosa hilo hata yeye angelifanya, na kwamba ndilo kosa lile lile utepe huu ulitobolewa ulikamate. Lingekamatwa siku ileile. Ungerekebisha kabla ya chakula cha mchana. Yeye alirekebisha kwa saa tatu, akaupitisha tena, mashine ikachapa SAWA. Nikamwomba karatasi zote mbili.

Nilirudi Mbeya nikaingia kwa mkuu wa ofisi bila kuitwa. Niliweka karatasi mezani, nikaweka na funguo za gari juu yake. Nikamweleza yote kama nilivyomweleza Sefu. Kisha akawaita wote waliokuwa kwenye kile kikao, akawasomea, naye akasema alikosea kukutoa kwenye mashine kabla ya kutafuta majibu ya jaribio la tatu. Ile ya SI SAWA imebandikwa sasa ukutani juu ya mashine ya kutobolea. Chini yake ameandika kwa wino: *Jaribio la Atupele. Lisiachwe.* Binti mpya aliyeletwa mahali pako anaanza nalo kila programu mpya.

Mimi sina gari tena. Nafyeka majani ya ofisi, na kila siku saa tatu asubuhi nasoma chombo cha kupimia mvua cha pale uani. Ikiwa milimita nne, naandika nne. Ikiwa sifuri, naandika sifuri. Siku za kwanza mkono uliniwasha.

Nilikwenda na Usangu kwa Mzee Masanja. Nilidhani nampelekea habari. Akanisikiliza, amekaa kwenye kigoda, akasema, "Msichana yule alikuja hapa. Jumapili moja, kwa miguu kutoka barabarani. Akaniomba radhi kwa kosa lake." Akanitazama mpaka nikaangalia chini. "Kumbe alibeba lako." Kisha akanipa jembe. Nilifanya kazi kwenye tuta lake siku tatu, na jioni ya tatu mke wake akanipakulia wali sahani yangu peke yangu. Sikuweza kuumaliza.

Hukuniambia ulikwenda. Ulimwomba mtu radhi kwa jambo ambalo ulijua ni langu, ukarudi, ukaketi stoo, ukaninywea chai yangu.

Ofisi inajua, Sefu anajua, Masanja anajua. Amebaki mmoja. Miezi minne nakula kwa dada yangu, naitwa kaka, naambiwa ulivyoniamini, na namuangalia akipita sokoni kichwa chini kwa sababu ya neno la mkekani. Nimewaambia wageni kwanza, yeye nikamweka mwisho. Wewe ungesema jaribio gumu ndilo nimeliruka tena.

Kwa hiyo nakuahidi hili, na silipambi. Akirudi kutoka shambani, nitamsomea barua hii yote, kuanzia darasa la nne mpaka hapa. Sitaruka kilabu cha Mafinga. Sitaingiza chui. Akinifukuza nitakwenda, na akitaka niyarudie haya mbele ya wale wa mkekani nitayarudia, kwa koo langu lote. Na mwezi wa sita ukifika nitakuja Tukuyu kupalilia pale ulipo, nikuambie alichosema, kama alivyokisema.

Namsikia uani. Anaegemeza jembe ukutani, ananawa miguu. Ananiuliza, "Kaka, bado unaandika? Unamwandikia nani barua ndefu hivyo?"

Lala vizuri, mwanangu. Ndaga fijo, asante sana, kwa kuniachia lile kopo. Ya tatu ilifika, ilipitishwa, nami nilikuwepo.

Nimeona kwa macho yangu.

Mjomba wako